Kayongo Upande wa Barabara

Awuor mwanangu,

Barua njema huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua bila kuuliza. Uko uani saa hizi unapigana na zipu ya begi ambalo nilikuambia ni dogo, na unajifanya hunisikii nikicheka. Barua hii nitaitia ndani ya begi hilo hilo likishakubali kufungika, kwa hiyo utaisoma ukiwa mbali, na huo ndio mpango wangu. Nikikupa mkononi utaisoma mbele yangu, utaanza kulia, nami nitaanza kukugombeza kwa sababu sijui namna nyingine ya kulia.

Watu huandika barua kama hizi usiku. Mimi naandika mchana, bati likiwa moto juu ya kichwa changu, kwa sababu leo usiku nyumba itajaa. Dani yako, mama wa baba yako, atakuja, shangazi zako watakuja, na majirani watakuja kukuaga na kumaliza kuku. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, na mwalimu wangu wa darasa la saba alisema insha zangu zina chumvi. Kijaluo changu ni cha mdomo tu, na hutoka vizuri zaidi nikiwa na hasira.

Habari za kula, za kuvaa, za kusali na za kujihadhari na wanaume wa Ghana nimekwisha kuzisema hadi umezichoka. Sitazirudia. Nataka kusema juu ya shamba.

Ungekuwa Ghana tangu mwaka jana. Nafasi ya masomo ilikuwa yako, ukaikosa kwa kazi ya mikono yangu hii miwili. Mwaka mzima tumelizunguka jambo hilo humu ndani kama watu wanaozunguka ng'ombe aliyelala njiani. Wewe hukuniuliza kwa nini, nami sikukueleza. Mama Otieno alilisema waziwazi kwenye foleni ya maji, kwamba Mama Awuor alifanya kusudi ili asiachwe peke yake. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini nilirudi nyumbani na ndoo yangu nikijiuliza kama na wewe unalifikiri hilo ukiwa umelala upande wa pili wa ukuta. Sitaki upande ndege ukiwa nalo.

Nianze mbali kidogo. Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la pili, na matanga hayajaisha ndugu zake walikuwa tayari wanatembea shambani wakilipima kwa macho. Si watu wabaya. Waliona mwanamke wa mjini aliyezoea kuuza nguo soko la Kibuye, wakasema huyu jembe litamshinda, atarudi kwao, na shamba lisilale bure. Nyar Kisumo, binti wa Kisumu, waliniita, na walivyolitamka ungedhani ni jina la ugonjwa. Hakuna aliyenifukuza. Walikuwa wanangoja magugu yawafanyie kazi hiyo.

Basi nikawanyima magugu. Kila asubuhi kabla ya kushuka sokoni nilishika jembe. Na kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi na mimi mmoja, nilianza upande wa barabara, pale wapita njia wanapoona. Upande wa chini, kule kuelekea kijito, ulisubiri, na miaka mingine ulisubiri mpaka mavuno. Watu walipita wakienda kanisani, wakageuza shingo, wakasema, "Yawa, Nyar Kisumo anaweza." Ule upande wa barabara ndio uliokuwa wakili wangu, na haukushindwa kesi hata moja.

Adui wangu mkubwa alikuwa kayongo, gugu lile la mahindini. Wewe sasa unamjua kwa jina lake la kitabuni, lakini mimi namjua kwa tabia. Maua yake ya zambarau ni mazuri, mtoto anaweza kuyachuma ampelekee mwalimu, na huko chini mizizi yake imeng'ang'ania mizizi ya mahindi inanyonya. Ukiona ua, ujue amekwisha kushiba. Na hapa kwetu kayongo ni aibu. Nusu ya watu watasema wewe ni mvivu, nusu watasema kuna mtu amekutupia kitu, na mimi sikutaka kusemwa na nusu yoyote. Nilimng'oa popote alipoonekana kutoka barabarani. Ndivyo ulivyokua, ukimwona mama yako akipambana na maua.

Kwa hiyo uliporudi kutoka chuoni ukaniambia kazi yako ya mwisho ni kukadiria kayongo wa shamba letu, nilidhani unanitania. Miaka yote hiyo ya kupanda na kushuka Maseno, ili uje kuhesabu aibu yangu?

"Mama, sihesabu yote," ukasema. "Nachukua tu sampuli."

"Sampuli ndiyo nini?"

"Kidogo ya hapa, kidogo ya pale, halafu nakisia shamba yote."

Dani yako alikuwa ameketi mlangoni anachambua osuga. Nikamtazama, nikitegemea atanisaidia, maana ni yeye aliyenipiga kikumbo siku nilipohesabu ndama wake kwa sauti. Kwao ng'ombe hawahesabiwi, watoto hawahesabiwi. Ukihesabu unaita kifo. Akaacha mboga, akakuuliza, "Unahesabu nini? Kayongo?"

"Ndiyo, Dani."

"Aa, nyakwara, hiyo hesabu! Hesabu yote, usiwache hata moja! Ng'ombe ukihesabu inakufa. Sasa wacha na kayongo nayo ife."

Mwalimu wako alitaka sababu za kitaalamu za kuchagua shamba letu. Hiyo ya Dani ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote ulizoandika.

Ukaleta fremu yako, mbao nne za fundi wa vitanda zilizopigwa misumari, mita moja kila upande. Nusu ya shamba, ile ya barabarani, tukapanda mahindi peke yake. Nusu ya chini tukapanda mahindi na maharagwe katikati, kwa sababu ulitaka kujua kama maharagwe yanampunguza kayongo. Kisha ukakata vikaratasi, ukaviandika namba, ukavitia kwenye sufuria yangu ya ugali na kuniambia nichague bila kutazama. Namba moja ni hatua za kwenda mbele, ya pili ni hatua za kwenda kando. Pale zinapoishia ndipo fremu inapolazwa na vigingi vinapopigwa, kila pembe kigingi chenye kitambaa chekundu. Ulisema utarudi kuhesabu pale pale mara tatu kabla ya mavuno.

Tuligombana tangu karatasi ya kwanza. Fremu iliangukia juu ya mwamba, mahali ambapo hata nyasi zimekata tamaa.

"Hapa hakuna kitu," nikasema. "Sogeza kidogo pale."

"Hakuna kitu pia ni jibu, Mama."

"Basi itupe nyuma ya bega kama watu wengine. Niliona wanafunzi wenzako wakitupa."

"Mkono huwa inajua penye inataka kwenda. Sufuria haijui."

Nilinuna, lakini maneno hayo yaliniingia. Mimi nimeumizwa na mkono unaojua unakotaka kwenda. Sijawahi kukusimulia habari ya belo langu la kwanza la mitumba pale Kibuye. Nililifungua, na juu kukawa na magauni ya watoto mapya kabisa, mengine yana vibandiko bado. Nikaita wateja kwa sauti, nikawaahidi akina mama wa soko zima kwamba jioni hiyo kila mtu atavalisha mtoto wake. Nilikuwa nimetazama tabaka moja tu. Chini yake kulikuwa na makoti ya baridi ya watu wazima, mazito, ya nchi ambazo watu hutembea kwenye barafu. Nani atavaa koti lile Kisumu? Wale akina mama walikuja jioni wakanikuta nimekaa katikati ya makoti kama kichaa, na mmoja alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Tangu siku ile nikifungua belo sisemi neno. Naingiza mkono katikati, pembeni, chini kabisa, ndipo nafungua mdomo.

Kwa hiyo nilipaswa kukuelewa upesi kuliko mtu yeyote. Lakini mtu anaweza kuwa na akili sokoni na asiibebe kwenda nayo nyumbani.

Ile hesabu ya kwanza niliipenda, nikuambie ukweli. Tulichuchumaa mimi na wewe, unahesabu kwa kidole, mimi naandika. Unakumbuka tulivyobishana juu ya kayongo aliyesimama juu ya mbao yenyewe, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje? Nikasema huyo ni wetu, yuko ndani. Ukasema kuna sheria: anayegusa mbao ya juu au ya kushoto anahesabiwa, anayegusa ya chini au ya kulia anaachwa, na sheria haibadiliki hata ukimpenda vipi. Nikakuambia kesi za mipaka za ukoo wa baba yako zingekwisha siku moja kama wazee wangekuwa na mbao hizo. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye udongo, na sketi yako ya chuo ikachafuka.

Jioni ukajumlisha fremu zote, ukagawa, ukapata fremu moja ina kayongo wangapi kwa kawaida, ukazidisha kwa ukubwa wa shamba. Nikangoja namba. Ukanipa mbili. Ukasema ukweli uko kati ya hii na hii.

"Mteja akiniuliza bei ya suruali nikamwambia iko kati ya mia moja na mia tatu, atalipa ngapi?" nikakuuliza.

"Mia moja."

"Basi chagua namba moja, mtoto wa watu."

"Mama, kayongo hawakai sawasawa. Hapa wamejaa, hapa hakuna. Nikikupa namba moja nitakuwa nakudanganya."

Nilidhani ni udhaifu. Nimelelewa kati ya watu wanaosema jambo kwa uhakika hata kama hawalijui, na nimeuza nguo hivyo maisha yangu yote. Imenichukua muda kuona kwamba mtu anayeweza kukuonyesha ni wapi ujuzi wake unapoishia ndiye mtu wa kumwamini kwa ule ujuzi alio nao. Wewe uliijua hiyo ukiwa na miaka ishirini na kitu. Mimi naandika hapa nina mvi.

Sasa tufike penyewe.

Hesabu ya pili ilipita salama. Ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa, kwa sababu kayongo alikuwa amechanua wote, na mwalimu wako, Daktari, alikuwa anakuja mwenyewe kuona. Uliniambia pia kwamba ni yeye atakayeandika barua ya kukupendekeza kwenda Ghana, ambako kayongo huyo huyo anawasumbua wakulima wa mtama. Ukalala chuoni usiku wa kuamkia siku hiyo ili kupanga naye safari.

Nikabaki mimi na nyumba. Nikapaka sakafu, nikafua vitambaa vya viti, nikamkamata yule jogoo mwekundu. Kisha nikatoka nje na maji ya kumwaga, nikatazama upande wa barabara. Ulikuwa zambarau tupu. Nikawaza Daktari anashuka kwenye gari lake, anaona shamba lile, anajisemea, kumbe huyu msichana anatoka nyumba ya namna hii. Nikawaza barua yake inakuwa fupi. Awuor, mimi nilitetewa na shamba safi kwa miaka yote ile, nikadhani na wewe lazima utetewe hivyo hivyo. Nikaacha ndoo pale pale nikaingia shambani.

Niling'oa mpaka mgongo ukakataa. Upande wote wa barabara. Na niliingia hata ndani ya vigingi vyako, kwa uangalifu mkubwa, bila kuangusha hata kimoja. Viwili vilivyokuwa vimeinama niliviinua, nikavifuta vumbi. Kisha nikawachoma kayongo wote nyuma ya jikoni, nikaoga, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Ulifika mapema kabla ya Daktari ili ujiandae. Nilikuwa mlangoni nangoja sifa. Ulisimama pale barabarani, ukatazama, na begi lako likateremka begani likaanguka.

"Mama. Hiyo maua yote ilienda wapi?"

"Nimekusafishia. Mgeni si anakuja?"

Hukupiga kelele. Ulikwenda kigingi kwa kigingi, ukachuchumaa kila mahali, ukagusa udongo. Nikaanza kuelewa nilipoona unachuchumaa hata pale ambapo ningeapa hakuna kilichobaki. Maana upande wa mahindi peke yake sasa ulikuwa safi, na upande wa maharagwe umejaa, na mtu akihesabu hivyo atasema maharagwe ndiyo yanayoleta kayongo.

Nikakufuata nyuma. "Si unakumbuka walikuwa wangapi juzi? Ongeza kidogo, andika. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Awuor, ni majani! Unakosa Ghana kwa sababu ya majani?"

"Siwezi andika penye sikuhesabu, Mama."

Nakuandikia na bado naona uso wako ulivyokuwa. Hukuwa na hasira. Ulikuwa umekwisha kuamua, na uamuzi huo ulikuwa unakuuma, na hukurudi nyuma. Nilikuchukia kidogo kwa dakika hiyo, nisikufiche. Halafu gari la Daktari likasimama.

Alitembea nawe, akatazama, akauliza ni nani amepalilia ndani ya vigingi. Mimi nilikuwa hatua chache tu, nimeshika birika la chai. Nilikusikia ukisema, "Shamba ni ya nyumbani, Daktari. Makosa ni yangu, sikuwaeleza vizuri." Ulinifunika. Na mimi, mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kusema Kibuye nzima, nilimwambia Daktari aongeze chapati.

Alikula kuku wangu. Alikuambia kazi isiyokamilika hawezi kuituma, urudie msimu mwingine, na nafasi ya Ghana ya mwaka ule haikungoja. Jioni ile nilipopakua kilichobaki nilikuwekea firigisi kwenye sahani yako, ile ambayo tangu baba yako afe nimekuwa nikimpelekea ndugu yake mkubwa kwa heshima. Uliitazama, ukaila. Huko ndiko kuomba msamaha nilikokujua. Sasa najua haikutosha, kwa sababu mtu hawezi kujua firigisi inasema nini hasa.

Kwa hiyo nasema kwa maneno. Sikung'oa ili ubaki. Niling'oa ili uende. Nilitaka uende kwa nguvu zote nilizo nazo, na nguvu zangu ziko kwenye jembe, basi nikaenda na jembe. Mama Otieno hakukosea kwamba naogopa kubaki peke yangu. Naogopa sana. Lakini hilo halikuwa mkononi mwangu siku ile. Mkononi nilikuwa na fahari tu, na fahari ikiwa na jembe huharibu mengi.

Msimu uliofuata ukapanda tena, ukachagua vikaratasi tena. Nami nikaacha jembe ukutani. Hujui nilivyoteseka, na nataka ujue, kwa sababu najisifu kidogo hapa. Kayongo alichipua upande wa barabara, nikamwacha. Akachanua, nikamwacha. Watu wakipita kwenda kanisani walipunguza mwendo. Mama Otieno aliniletea dawa ya kienyeji iliyofungwa kwenye gazeti, eti ya kumwagia pembe nne za shamba. Shemeji yangu mkubwa naye akaja, akasimama barabarani mikono nyuma, na nilijua miaka yote amekuwa akiingoja siku hiyo.

"Nyar Kisumo," akasema, "naona shamba imekushinda mwishowe."

"Haijanishinda, shemeji. Mwaka huu shamba iko shule."

"Shule?"

"Awuor anaisomesha."

Alitikisa kichwa akaenda. Nikaingia ndani nikakaa kitandani nikingoja kuitwa kwenye kikao cha ukoo. Sikuitwa. Wiki iliyofuata alirudi kuuliza kama ni kweli maharagwe yanasaidia, na maharagwe ya aina gani. Nilimwambia jibu liko kati ya hapa na hapa, angoje mtoto amalize.

Awuor, nina fahari nawe. Naiandika hivyo hivyo bila mapambo, maana mdomoni imekuwa ikinikwama. Si kwa sababu unakwenda Ghana. Mtu yeyote anaweza kwenda Ghana. Ni kwa sababu siku ile, mama yako mwenyewe akikusukuma, na mlango wa maisha yako ukijifunga mbele ya macho yako, ulikataa kuandika idadi ya majani ambayo hukuyaona. Nimewauzia nguo watu wakubwa wa mji huu, wengine wana magari na madaraka, na sijui wangapi kati yao wangeweza hilo. Sitakisia. Sijachukua sampuli.

Huko uendako watakuwepo watu kama mimi. Watu wazuri, watakaokusafishia shamba kwa mapenzi kabla hujafika. Usiwachukie. Wape chai, kisha uwaambie kile ulichoniambia mimi.

Nimalizie na siku ambayo hatujawahi kuizungumza, siku ya hesabu ya tatu mwaka huu. Daktari alikuja tena, safari hii na wanafunzi wake wapya na mama mmoja mgeni, mwalimu kutoka chuo kingine, mwenye miwani na viatu visivyo vya shambani. Majirani walikuwa wamejipanga barabarani kama wanaangalia mpira. Shemeji yangu alikuwepo. Mama Otieno alikuwepo. Wewe ulikuwa umeinama juu ya fremu katikati ya zambarau ile yote, unahesabu kwa sauti ya chini.

Yule mama mgeni akasimama, akatazama kushoto na kulia, akasema kwa sauti ambayo hata walio barabarani waliisikia, "Lakini hii shamba ni ya nani? Huyu mtu hapaliliangi?"

Niliona mgongo wako ukikakamaa. Nilijua utainua kichwa useme ni ya nyumbani, utanifunika tena. Nikakutangulia.

"Ni yangu," nikasema. "Mwaka jana nilipalilia, nikaharibia mtoto wangu kazi. Ni mimi niling'oa, Daktari, si yeye. Mwaka huu nimewacha. Na huyo anahesabu hapo, huyo pia ni wangu."

Hakuna aliyecheka. Daktari alivua kofia yake. Lakini mimi sikuwa namtazama Daktari. Nilikuwa natazama kidole chako. Kilikuwa kimesimama hewani juu ya maua, na midomo yako ilikuwa imeacha kwenda. Wewe ambaye unahesabu huku watoto wa Mama Otieno wakikupigia kelele, huku mvua ikinyesha, huku mimi nikibishana nawe juu ya kila mbao, ulikuwa umepoteza hesabu. Kisha ukajifuta uso kwa mkono wako wenye udongo, ukarudisha kidole kwenye pembe ya fremu, ukaanza tena kutoka moja.

Ulifikiri sikuona.

Mama yako